Meseji Ambazo Shangazi Benedicta Hakutaka Kuzifuta

Sanyuanli, Guangzhou
12 Februari 2006

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mlangoni na chai yako ya tangawizi, na kwamba mpangaji wako Kerubo hajambo, na yule kuku mkali bado anafukuza wageni. Baba ameniambia paa la jikoni limeshazibwa. Mimi mzima, Shangazi mzima. Baridi ya huku si ya kuua kama mlivyonitisha. Navaa sweta mbili, moja ya Shangazi, na mikono yake inanifunika mpaka kwenye vidole.

Ulisema niandike barua za karatasi, kwa sababu simu yako ni ya Shangazi peke yake. Basi hii ndiyo ya kwanza. Ataileta mtu wa Alvin. Alvin ni yule kijana wa Changamwe mwenye ofisi ya mizigo hapa chini ya nyumba yetu, anayejaza makontena ya watu kwenda Mombasa. Kila mara kuna mteja wake anayerudi nyumbani, na kila anayerudi hubebeshwa bahasha za watu.

Bibi, nina la kukuungamia. Baba alinituma huku niwe masikio ya dada yake. Alilisema pale uwanja wa ndege, mbele ya watu: "Jemimah, umemaliza Form Four, Kiingereza unacho, Kiswahili unacho. Kawe masikio ya shangazi yako mpaka matokeo yatoke." Nikaitikia. Lakini wewe unanijua. Nikiambiwa nisome somo kanisani, naumwa tumbo tangu Alhamisi. Kiingereza changu cha shule na Kiswahili changu cha nyumbani vyote vinakwama mahali pamoja, hapa kooni. Tangu nifike sijazungumza na mtu yeyote ila Alvin, na Alvin ndiye anayezungumza.

Na masikio yenyewe hayatakiwi. Soko lilipofunguliwa baada ya sikukuu yao ya mwaka mpya, tulikwenda Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo ya nguo za jumla. Wapagazi wanakokota marobota, wanakupigia kelele upishe njia, wauzaji wanaita, wanunuzi wa nchi zote wanabishana kwa lugha zao. Mimi nilijibanza ukutani. Shangazi aliingia dukani kama anayeingia jikoni kwake. Akashika suruali, akaivuta kiunoni, akaigeuza ndani akaukagua mshono. Laoban, ndivyo wanavyomwita mwenye duka, akabonyeza bei yake kwenye kalkuleta akamwonyesha. Shangazi akaifuta, akabonyeza yake. Laoban akaanza kulalamika kwa Kichina, mikono juu, sijui watoto wake watakula nini. Shangazi alimtazama usoni kwa upole mpaka akamaliza, kisha akabonyeza bei ileile. Laoban akacheka, akavuta gunia.

Pembeni yetu kulikuwa na mama Mkongo, Nadège, aliyebishana kwa Kifaransa, kwa Kiingereza na kwa miguu, na akatoka mikono mitupu. Nilipomsimulia Alvin alisema, "Hapa Guangzhou sote viziwi, Jemimah. Tofauti ni kwamba shangazi yako ana uzoefu."

Nyumbani watu wakimwona wanapunguza mwendo na kumpa ile sura ya pole. Huku hakuna anayempa pole. Akionyesha sikio lake, wanadhani ni mgeni kama wageni wengine, wanaleta kalkuleta. Natamani ungemwona.

Sasa jambo lenyewe. Simu yake imejaa. Salio lipo, betri ni nzima, kilichojaa ni meseji. Juu ya kioo kuna kibahasha kidogo kinachowaka na kuzima, maana yake kuna ujumbe umefika na hauna pa kukaa. Ili uingie lazima afute mwingine. Basi anafuta za wauzaji, anafuta za Alvin, za Baba, hata zangu, maana sisi huandikiana tukiwa chumba kimoja panapokuwa na neno ambalo vidole vyangu havijajifunza kulisema. Akifika kwenye zako anaziruka. Amezitunza zote tangu alipokutumia ile simu.

Juma lililopita muuzaji wa suruali alimwandikia kwamba mzigo uko tayari, uchukuliwe siku hiyohiyo. Ujumbe ulibaki nje. Kontena likaenda bandarini Nansha bila suruali zetu. Mimi nikajitia akili, nikamwambia kwa mikono: futa zile za zamani za Bibi, zile za "umekula?" na "huku mvua inanyesha." Hakukasirika. Aliandika kwenye simu akanipa nisome:

"Mama yangu ameanza kuongea na mimi nikiwa mtu mzima. Nifute neno gani?"

Nikamrudishia simu. Ila nimeazimia kumtafutia njia. Alvin anasema simu yaweza kuunganishwa na kompyuta kwa waya, meseji zote zikanakiliwa huko, zikasomwa huko. Niombee, maana waya huo itabidi mtu afungue mdomo akauulizie.

Mjukuu wako,
Jemimah


Mikindani, Mombasa
5 Machi 2006

Jemimah mjukuu wangu,

Marahaba. Barua imefika, na biskuti ulizomfungia Kerubo zimefika, ingawa zimekuwa unga. Sisi hatujambo. Kuku ametotoa. Baba yako alikuja Jumapili akala samaki wote wawili akarudi zake.

Utaona mwandiko huu si wangu. Vidole vimeshikwa na baridi yabisi, kwa hiyo mimi nasema na Kerubo anaandika. Nilifundisha watoto kuandika kwa miaka mingi, na sasa nimekaa kwenye kiti nikisema "nukta, aya mpya." Kerubo anasahau nukta.

(Sisahau. Ni mimi Kerubo, nakusalimu sana. Bibi yako anasema haraka kama anafukuzwa.)

Nimefurahi kusikia habari za Benedicta na laoban wake. Nimeomba nisomewe kipande hicho tena. Alipokuwa mdogo tulimpeleka hospitali, wakatuambia tusimwoneshe ishara za mikono, akizizoea hatajifunza kusema. Mimi mwalimu, nikatii. Shule ya viziwi ikamfundisha ishara, likizo akirudi nyumbani ananyoosha mikono na hakuna anayemwelewa. Haya ya zamani tuyaache.

Kuhusu simu, mwambie afute. Maneno yangu si ya kumpotezea mtu mzigo. Mvua ya mwaka juzi ina faida gani kwa mtu? Na wewe usijisumbue na waya na kompyuta. Vitu hivyo vikiwekwa pamoja vyote huwa vinaonekana vibaya, kama nguo za ndani kwenye kamba. Achana navyo.

Matokeo yametoka, baba yako ametuambia. Umefanya vizuri. Kwa nini hukuyataja mwenyewe? Jifunze kujisifu kidogo, si dhambi.

Nguo za baridi vaa.

Bibi yako


Sanyuanli, Guangzhou
2 Aprili 2006

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na pole na vidole. Hongera kwa vifaranga. Mwambie Kerubo nimempata, nami namsalimu. Huku mvua haiishi na nguo zinakauka kwa feni. Shangazi amenunua jiko la umeme la kupikia wali, linajizima lenyewe wali ukiiva, na kila mara linapojizima ananipungia mkono nije nishangae.

Nimekaidi. Ulisema niachane na waya, lakini barua yako ilifika wakati nimeshaununua, na kusema kweli ingefika mapema ningeununua vilevile.

Nisamehe nikusimulie yote. Kwenye soko la vifaa vya simu kuna nyaya nyingi kuliko watu, zimening'inia kama tambi dukani. Nilipanga sentensi yangu ya Kiingereza njia nzima. Nilipofika mbele ya muuzaji, sentensi ikayeyuka. Akaniuliza kitu, nikatazama nyaya. Akasema "mei you," yaani hakuna, hana, nenda zako, akarudi kwenye chakula chake. Nikageuka niondoke. Shangazi akanishika bega akanirudisha. Akaweka simu yake juu ya meza, akanipa kalamu, akanionyesha boksi tupu la viatu. Nikachora simu, nikachora kompyuta, nikachora mstari kati yake. Muuzaji akatazama, akaacha kula. Alileta nyaya tatu, na Shangazi akazijaribu zote tundu kwa tundu kabla ya kutoa hela. Nikaelewa kwamba anavyofanya yeye kila siku ndivyo nilivyofanya mimi hapo, na sikufa.

Ofisini kwa Alvin tukaweka CD iliyokuja na waya. Programu yenyewe ilikuwa ya Kichina tupu, akatusaidia karani wake. Tukaunganisha simu. Shangazi aliweka kiganja juu ya kasha la kompyuta ili asikie inavyonguruma. Alipoona meseji zako zinaanza kuingia kwenye kioo, mstari kwa mstari, tarehe na saa, alimsukuma karani kwa kiuno akakaa yeye kitini.

Hakukubali kufuta kitu mpaka kila kitu kilipochomwa kwenye CD nyingine, na ile CD ikafunguliwa, na akasoma humo meseji ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa. Alvin akasema, "Huyu ni mtu wa benki au ni shangazi?" Ndipo akaanza kufuta kwenye simu, moja moja, akitazama kompyuta kila anapobonyeza, kama anayehamisha mayai. Kibahasha kikazimika. Na papo hapo zile zilizokuwa zimekwama zikaanza kuingia. Unajua simu yake hailii, inatetemeka. Ilitetemeka mkononi mwake, ikatulia, ikatetemeka tena, ikatetemeka tena, na alikuwa akicheka kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti ya kicheko chake. Ni kama chako.

Bibi, ningeishia hapo ningekuwa nimekuandikia barua nzuri.

Lakini zilikuwa kwenye kioo zote pamoja, na mimi nilizisoma. Utanisamehe. Kwenye simu unaona moja moja, kwenye kompyuta unaona mwaka mzima. Mwanzoni unaandika wakati wowote: alfajiri kabla ya misa, mchana, siku zote za juma. Unamgombeza kwa kulala na nywele mbichi. Na kila ujumbe, hata wa maneno mawili, unamaliza hivi: "Ni mimi mama yako."

Tangu Septemba mwaka jana, hapana. Zinatoka kwako jioni tu. Ijumaa jioni hakuna kitu, kila juma. Kerubo hutoka kazini jioni, na Kerubo ni Msabato. Na "ni mimi mama yako" haipo tena hata mara moja.

Ungesema ni vidole. Lakini nilikuwa kwako Krismasi kabla ya kupanda ndege. Ulikuwa unachambua pojo kwenye ungo, na vidole vyako vilikuwa vinakimbia, vinatupa vijiwe. Ila uso ulikuwa umeuelekeza dirishani. Wakati ule nilidhani unasikiliza redio. Na chai ulinimiminia huku umetia kidole ndani ya kikombe, nikasema moyoni, Bibi naye, ameacha adabu.

Si vidole, sivyo?

Shangazi sijamwambia kitu. Naogopa. Nakuuliza wewe.

Jemimah


Mikindani
14 Mei 2006

Jemimah,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa mtu wa Alvin muda, alishukia Nairobi kwanza kwa arusi. Vifaranga wamekuwa, mwewe amechukua mmoja. Baba yako hajambo.

Nilimwambia Kerubo asome polepole. Alipofika kwenye pojo akaacha kusoma. Nikamwambia endelea, hakuna aliyekufa.

Ni macho. Katikati ya kila kitu pana doa. Nikikutazama usoni nakuona masikio. Daktari amesema sehemu ya nyuma ya jicho imechakaa, miwani haitasaidia, na lililokwenda halirudi, ila pembeni pengine patabaki. Baba yako hajui. Angeanza kunishika mkono nikienda chooni. Kerubo anajua kwa kuwa anaishi ukuta mmoja na mimi. Yeye ndiye amekuwa akiniandikia ujumbe na kunisomea wa Benedicta, akitoka kazini.

Unauliza kwa nini niliacha kusema ni mimi mama yako. Ningesemaje? Kidole ni cha Kerubo. Sikuweza kumwandikisha mtu uongo.

(Nilimwambia si uongo. Akasema ni uongo. K.)

Sasa nisikilize vizuri. Usimwambie. Benedicta akijua ataacha biashara aje kukaa kwenye kiti hiki kunitazama. Umeniandikia mwenyewe kwamba huko hakuna anayempa pole. Unataka nimtoe huko nimrudishe kwenye pole? Na akirudi tutafanya nini? Yeye hasikii, mimi sioni. Ishara zake sikujifunza nilipokuwa na macho, nitajifunza sasa? Barabara ilikuwa moja tu kati yangu na mwanangu, ile simu. Tumeipata tukiwa wazee, tumeitumia muda mfupi. Basi ibaki wazi hata kama anayepita ni Kerubo.

Usinihurumie. Si giza. Jua naliona, kuku namwona akitembea kando. Maandishi makubwa bado nayasoma. Yale malori yanayopita hapa barabarani kutoka bandarini, majina yaliyoandikwa ubavuni mwa makontena nayasoma yote kwa kuangalia kwa pembeni, nikiwa mlangoni. Nimekuwa mtaalamu wa makontena. Muulize Alvin kama ana kazi.

Kitabu sisomi tena. Hilo ndilo linaloniuma, si mengine.

Umejifunza kuona, mjukuu wangu. Nilifundisha watoto wengi kusoma, lakini wengi walisoma maneno tu.

Nyamaza, nakuomba.

Bibi yako


Sanyuanli, Guangzhou
11 Juni 2006

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Joto la huku limekuja kama mlango wa tanuri uliofunguliwa. Sisi wazima. Nadège, yule mama Mkongo, sasa anaongozana nasi sokoni, anasema bei za Shangazi zimemtia wivu. Amenunua kalkuleta. Mimi nimeagiza wali na kuku peke yangu mkahawani, kwa kunyoosha kidole, na nikaletewa kuku. Nakupa habari hizi kwanza ili uwe umekaa vizuri.

Sikumwambia. Nataka ujue hilo. Lakini amejua, au niseme hivi, nilichelewa.

Barua yako ilipofika nilikwenda nayo ofisini kwa Alvin. Alikuwa bandarini. Nikafungua zile meseji kwenye kompyuta. Nilikuwa na wazo, kwa sababu ya yale makontena yako. Kwenye simu herufi ni ndogo na haziongezeki, lakini kwenye kompyuta unaweza kuzikuza utakavyo. Nikachukua meseji yako moja ya zamani, nikaanza kuikuza, nikiegemea nyuma na kutazama kwa pembeni ya jicho ili nijue unaonaje. Nikaikuza mpaka neno "mwanangu" likajaa kioo kizima, halikubakiza nafasi.

Nikahisi mtu nyuma yangu. Shangazi hutembea kimya, wewe wajua, hata sisi wenye masikio hatumsikii. Barua yako ilikuwa wazi juu ya meza. Nikaifunika kwa mkono. Akautazama mkono wangu, akatazama lile neno kubwa. Akauondoa mkono wangu taratibu, akaikunja barua bila kuisoma, akaitia kwenye mfuko wa sweta yangu. Kisha akainama akaandika kwenye kompyuta, chini ya neno lako, kwa herufi zilezile kubwa:

NAJUA TANGU SEPTEMBA

Nikamwuliza kwa mikono, ulijuaje? Nilikuwa nalia, na ukilia mikono nayo hukosa matamshi. Akaandika: "Mama hakusema tena ni yeye."

Nikamwuliza, mbona umenyamaza? Akaandika kwamba wewe mwenyewe ulitaka asijue, naye akakuachia ulichotaka. Akaandika kwamba maisha yake yote watu wamekuwa wakizungumza juu yake mbele yake, na wewe tu ndiye uliyemficha kitu kwa heshima. Halafu akaandika hili, nanakili lilivyo: "Zile za kabla ya Septemba ni za kidole chake. Ndizo sikutaka kufuta. Sikujua kama zitakuja nyingine."

Kumbe wewe unamficha yeye, yeye anakuficha wewe, na mimi katikati ninayeogopa kuagiza chai ndiye mliyeniachia siri zenu zote. Nawashangaa. Sijui kama nikikua nitaweza kunyamaza kwa nguvu kama yenu. Nilikuwa nadhani kunyamaza ni ugonjwa wangu.

Akaniuliza swali moja tu, akigusa lile neno kubwa kisha jicho lake: wewe Bibi bado unaona nini? Nikamwambia jua, kuku, na ubavu wa makontena. Alikaa. Nilidhani ataulizia tiketi ya ndege. Alivyokaa ndivyo anavyokaa mbele ya laoban. Kisha akainuka akafungua droo ya Alvin, akachukua ile kalamu nene.

Kalamu hiyo Bibi ni ya marobota. Kila mnunuzi ana alama yake, yetu ni KIOKO MSA, yaani jina letu na Mombasa kwa kifupi, na kabla robota halijaingia kontena linaandikwa ubavuni kwa wino mweusi, herufi za urefu wa mkono, ili likishushwa Mombasa mtu alijue akiwa mbali. Tulikwenda ghalani asubuhi yake. Zile suruali zilizoachwa Februari tulizipata hatimaye, zilikuwa zimeshindiliwa kwenye robota moja. Shangazi akavua viatu.

Sitakuambia aliandika nini. Nitakuambia tu kwamba alipomaliza ubavu mmoja ilibidi robota ligeuzwe, na lilikuwa zito, na Shangazi alikuwa na kalamu mdomoni. Wapagazi walikuwa wamekaa wanavuta sigara. Basi mimi ndiye niliyewaita. Kwa sauti, Bibi. Sikumbuki ni kwa lugha gani. Wakaja.

Alvin alilalamika kwamba hajawahi kuona alama ya mzigo ya namna hiyo na watu wa ushuru watamtia wazimu. Shangazi akamtazama usoni mpaka akamaliza.

Robota limeshaondoka Nansha. Likifika usimruhusu Kerubo akusomee. Kerubo, samahani.

Jemimah


Mikindani
20 Agosti 2006

Jemimah mjukuu wangu,

Marahaba. Kerubo anaandika, na tangu juma lililopita hazungumzi nami vizuri kwa sababu nilimfukuza uani.

Robota limefika. Lilichelewa boharini kwa sababu karani alinipigia simu akaniuliza, "Nyanya, alama yako ya mzigo ni ipi? Hapa pameandikwa kitabu kizima." Nikamwambia ni hiyohiyo, lilete. Walilileta kwa mkokoteni vijana wawili, wakaliegemeza kwenye ukuta wa jikoni. Nikawaambia hapana, liwekeni katikati ya uwanja, nataka kulizunguka. Mmoja akasema, "Nyanya, unasoma gunia?" Nikamwambia, "Ndiyo, nasoma. Wewe umesoma nini leo?" Mwenzake akamcheka mpaka getini.

Nikaanza ubavu wa barabarani. Nilisogea, nikarudi nyuma, nikageuza uso pembeni kama ninavyofanya kwa malori. Jua lilikuwa zuri. Ubavu wa kwanza uliandikwa MAMA. Nikazunguka. Wa pili, HERUFI ZIKIWA NDOGO. Hapo nilijikwaa kwa kuku, lakini sikuanguka. Wa tatu, NITAONGEZA. Wa nne niliukawiza, nikaenda kunywa maji kwanza, maana sikutaka kumaliza.

NI MIMI MWANAO.

Ni tangu mwaka jana sijasoma neno lolote la mtoto wangu mimi mwenyewe. Nililala mchana ule kwenye kiti na robota mbele yangu, na mvua ilipotaka kunyesha Kerubo alitaka kuliingiza ndani peke yake, ndiyo sababu nikamfukuza. Tumeliingiza wote.

Suruali baba yako atazipeleka kwa wateja. Gunia nimelishonoa mwenyewe kwa kupapasa, sikukata herufi hata moja. Nimelitandaza ukutani chumbani. Baba yako aliliona, akaniuliza, nami nikamwambia habari za macho. Alinishika mkono kunipeleka chooni, kama nilivyosema.

Mwambie Alvin aniletee kalamu tatu za aina ile, nitamlipa kuku.

Wewe uliyepiga kelele ghalani, nimekusikia mpaka huku.

Ndani ya bahasha kuna karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ni kalenda ya mwaka jana, nimeandika nyuma yake, sakafuni, kwa rangi na burashi alivyoacha fundi aliyeziba paa. Kerubo hakuigusa. Mistari imepinda, ningekuwa mwanafunzi wangu ningejirudisha. Mpe Benedicta. Usimsomee, usimweleze. Aikunjue mwenyewe.

Bibi yako


BENEDICTA

USILALE NA NYWELE MBICHI

NI MIMI MAMA YAKO